Pikapu ya Masanja Iliyokohoa Mlimani

Vijana wangu mnaoshika spana, gari likikataa kuwaka kabisa msiogope. Hilo limeshasema ukweli wake. Mtalifungua na tatizo mtalikuta limekaa palepale linawangoja. Ogopeni gari linalokataa na kukubali. Linazima mlimani, mnalisukuma hadi kwa fundi mmelowa jasho, fundi anageuza ufunguo mara moja tu, nalo linanguruma kama halijawahi kuumwa tangu litoke kiwandani. Ni kama mtoto anayewaka homa nyumbani, mkimfikisha zahanati anaanza kuchezea viatu vya daktari. Daktari anawatazama ninyi wazazi.

Mimi sasa nimekwisha. Mgongo umekataa kuingia chini ya gari, nimetulia kijijini Nyabusozi kwenye migomba yangu na kahawa kidogo. Lakini hadi leo nikisikia gari linapanda mlima wa hapa kwetu naacha jembe, nasimama. Mke wangu ananiuliza, "Unamngoja nani?" Simngoji mtu. Nangoja nisikie kama litakohoa.

Hofu hiyo nimeipata kwa pikapu ya Masanja. Nitawaeleza, ila mnivumilie nikipotea njiani. Shuleni nilikaa muda mfupi, na mwalimu aliwahi kusema naeleza mambo kama mbuzi anavyokula, jani hapa, jani pale.

Masanja ni kijana wa Kisukuma. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, yeye ng'ombe wakamchosha, akauza baadhi akanunua pikapu ya petroli. Upande wetu wa mto ndilo gari pekee. Lilibeba mahindi, lilibeba maharage, lilibeba watu kwenda mnadani, lilibeba maiti. Na sasa lilitakiwa kumbeba mke wake, Kabula, ambaye alikuwa mjamzito. Uzazi wa kwanza Kabula alipasuliwa. Safari hii daktari wa Biharamulo mjini alimwambia mbele ya mume wake, bila kuzunguka: uchungu usikukute nyumbani. Mshono wa zamani ukifumuka huko porini, hatutakuwa na la kufanya. Mimba ikikaribia kutimia, njoo ukae hapa ungoje.

Na ilikuwa imekaribia. Mvua zilishaichimba barabara, bodaboda zilikuwa zinaanguka na watu wazima wenye nguvu zao, sembuse mama mwenye tumbo lile. Ilibaki pikapu. Na pikapu ndiyo iliyokuwa imeanza tabia.

Alinijia asubuhi moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imefanya nini?"

"Inazima."

"Inazimia wapi?"

"Popote inapotaka yenyewe."

Vijana, mteja akikupa jibu hilo, usifungue boneti. Kaa chini. Hakuna gari linalozima popote linapotaka. Gari halina moyo wa kutaka. Lina mahali, lina saa, lina sababu, ila mwenye gari hajaziona.

Nilipokuwa Nyakanazi, pale njia panda, nikiwa bado nina mgongo, alikuja mfanyabiashara wa maharage. Anasema gari lake limerogwa, linazima mbele ya nyumba moja tu, iliyo karibu na kituo cha mafuta. Kashazunguka kwa waganga, kafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Tulibadilisha kila kitu. Mwisho nikapanda naye. Tulipofika pale kwenye nyumba, bwana akapiga honi, pii-pii, kwa adabu kabisa, na gari likazima. Nikamwuliza, "Mbona barabara nzima hukupiga honi?" Akanitazama, akatazama ile nyumba, akasema, "Fundi, wewe tengeneza tu." Waya wa honi ulikuwa umechunika, akibonyeza honi umeme unavuja kwenye bodi, fyuzi inakatika. Aliyekuwa ndani ya ile nyumba sikumwuliza, na ninyi msiniulize.

Basi nilimkalisha Masanja, nikamwuliza yote. Inazima ikiwa ya moto au ya baridi? Yote mawili. Mafuta yakiwa kidogo? Hata yakijaa. Kwenye mvua? Hata juani. Umebeba nini? Hapo akaangalia pembeni, akasema, "Mzigo wa kawaida tu, mzee." Nikaendelea na swali lingine. Nilipaswa kusimama hapo hapo, kama alivyonifundisha marehemu Fundi Zakaria kule Ngara mjini, aliyenipokea kutoka kijijini kwetu Mabawe nikiwa sijui hata bisibisi inageukia wapi. Yeye alikuwa anasema mteja akiangalia pembeni, swali lako limegusa kidonda, libonyeze tena.

Huyo Zakaria angekutana na magari ya siku hizi angelia. Enzi zake kulikuwa na kabureta, unaifungua kwenye gunia, unaipuliza kwa mdomo, unarudisha. Injini ilikuwa inavuta mafuta kwa pumzi yake yenyewe. Siku hizi kuna kompyuta, na kompyuta haijui lolote isipoambiwa. Anayeiambia habari za hewa ni sensa ya hewa. Inakaa baada ya chujio la hewa, kwenye njia inayoelekea injini. Ndani ina kiwaya chembamba kuliko unywele wa mtoto, kinapashwa moto na umeme. Hewa ikipita inakipoza. Hewa nyingi, kinapoa sana. Hewa kidogo, kinapoa kidogo. Kompyuta inasoma hapo, inapima mafuta. Ni kama mpishi anayeonja mchuzi kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukiungua, nyumba nzima mtakula chumvi.

Sikilizeni hapa, maana magari mengi ya Biharamulo na Ngara yanauawa hivi. Vumbi letu jekundu ni laini kama unga wa muhogo. Linapita kwenye chujio chakavu, linakwenda kuganda kwenye kile kiwaya. Fundi asiye na subira anachukua petroli na brashi ya meno anasugua. Mwingine anapuliza kwa pampu ya upepo ya kujazia matairi. Kiwaya kinakatika, gari linakufa, fundi anasema "imeungua." Haikuungua, umeiua. Inapuliziwa dawa yake ya kopo, ile ya kusafishia vifaa vya umeme, bila kuigusa, halafu unaiacha ikauke yenyewe.

Ya Masanja niliisafisha hivyo. Pikapu ikaunguruma vizuri. Masanja akatabasamu. Siku mbili hazikupita, akarudi na tope hadi kiunoni.

"Mzee, imezima tena. Pale mlima wa baada ya mto."

Hapo nikamwambia aipeleke Nyakanazi kwa kijana mmoja ninayemwamini, Yusufu, ambaye ana mashine ya kuchomeka kwenye gari ikasoma kompyuta inalalamikia nini. Kuna wazee wenzangu wanaidharau mashine hiyo. Mimi siidharau. Yusufu aliisoma, akanipigia simu: "Babu, inasema habari za sensa ya hewa zinakatika. Zinakuja, zinapotea." Akamfungia sensa nyingine, iliyotoka kwenye gari zima. Kazi safi. Masanja akarudi Nyabusozi bila pikapu kukohoa hata mara moja, peke yake, akiimba.

Jumamosi alikwenda mnadani. Ikazima mlima uleule.

Sensa ni mpya kwake, mashine haikusema uongo, na ugonjwa upo. Kila nikipita kwao nilimwona Kabula amekaa kwenye mkeka, mkono mmoja kiunoni. Nilikuwa natamani asiniangalie, na alikuwa haachi kuniangalia. Siku moja akaniuliza, "Baba, itatufikisha?" Nikamwambia itatufikisha. Nilipofika nyumbani sikula.

Nilijaribu njia ya mkato. Nilichomoa soketi ya sensa nikaiacha imening'inia. Mkifanya hivyo, magari mengi kompyuta inajua kwamba haioni, inaanza kukisia, inatembea kwa kupapasa kama kipofu aliyezoea nyumba yake. Kipofu anayejua ni kipofu hagongi ukuta. Anayegonga ni yule anayeona na kutoona. Gari likitulia ukiichomoa, jua adui yuko kwenye sensa au kwenye njia zake za waya. Pikapu ilitulia kweli, haikuzima. Lakini haikuwa na nguvu. Tulipofika kwenye ule mlima ikasimama katikati inanguruma, haipandi, tukarudi kinyumenyume. Kwa hiyo njia hiyo nayo ikafungwa. Safari ya hospitali ina milima zaidi ya huo, na baada yake kuna kipande cha msitu chenye sifa ya majambazi, ambacho wenyeji wa huku hamhitaji kuelezwa kwa nini mtu hataki kuharibikiwa na gari humo, tena na mgonjwa.

Tukapanga iwe Jumatatu asubuhi niikague waya kwa waya, mchana waondoke, iwe isiwe.

Jumatatu hiyo nimefika, nimefungua boneti, nimekamata waya zote, nimetikisa, nimevuta, nimegonga sensa kwa mpini wa bisibisi huku injini inaunguruma. Haishtuki. Masanja anakanyaga mafuta, injini inaitika vizuri. Ukitazama kwa macho, lile lilikuwa gari zima kabisa, nami nilianza kulichukia.

Sasa hapo lazima niwaambie habari za Mama Kabula, mama mzazi wa Kabula. Alikuwa amekuja kutoka kwake kumwangalia binti yake hadi ajifungue. Kwa Wasukuma wengi wa huku kwetu, mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawakai pamoja, hawatazamani usoni, hawasemezani ana kwa ana. Ni heshima. Masanja akimwona mama mkwe anakuja njiani, anaingia migombani hadi apite. Mama naye ana kijumba chake upande wa pili wa ua, na akitaka kusema jambo anamwambia mtu wa tatu. Sisi Wahangaza wa Ngara tuna heshima zetu nyingine, lakini hiyo nimeizoea. Nimekaa nao miaka mingi.

Basi nimeinama kwenye injini, Masanja yuko kwenye usukani, nasikia sauti nyuma ya nyumba:

"Fundi."

Nikageuka. Mama Kabula amesimama ametupa uso upande wa zizi, khanga kichwani. Masanja akateremka mbio, akaenda kusimama nyuma ya pikapu, anakagua tairi ambalo halina shida yoyote.

"Shikamoo," nikasema, ingawa tunaweza kuwa rika moja.

"Marahaba, unanizeesha. Fundi, hilo gari unalitafuta nini?"

"Natafuta linapoumwa, mama."

"Utalipata wapi wakati limeshiba na limelala? Hilo linaumwa likibeba watu."

Nikasimama wima, kichwa kikagonga boneti. "Umesemaje?"

"Mwulize huyo mwenye gari. Akienda peke yake linazima? Halizimi. Akienda na mke wake tu? Halizimi. Tukipanda sisi huko nyuma kwenda mnadani, wanawake na magunia na mbuzi, ndipo linapozima. Tena likiwa linapanda."

Nikamwita Masanja. Akaitika bila kuonekana.

"Kweli hayo?"

Kutoka nyuma ya tairi: "Kweli, mzee."

"Na mimi nilikuuliza unabeba nini!"

"Niliogopa, mzee. Kubeba watu nyuma wanakataza. Nikaona yakizungumzwa kwenye gereji..."

"Na huyu mama hukumwuliza, wakati ndiye anayekaa nyuma kila Jumamosi?"

Angemwulizaje? Nilikuwa nimeuliza swali la kipumbavu, nikalimeza.

"Bado sijamaliza," akasema Mama Kabula kwa lile zizi. "Sisi tunakaa tumeupa mgongo usukani, tunaangalia tulikotoka. Kabla halijazima, moshi unatoka mweusi. Mweusi kama ugali umeungulia sufuriani. Unatoka, tunakohoa wote, ndipo linazima. Kila mara. Nimekuwa nikimwambia Kabula, anasema mambo ya magari niwaachie wanaume."

Vijana, moshi mweusi wa petroli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Kompyuta imedanganywa. Dereva haoni moshi wake mwenyewe, hasa akiwa anapambana na mlima. Mwanamke huyu alikuwa ameuona ugonjwa wote, mwanzo hadi mwisho, mwezi mzima, na kati yake na dereva palikuwa na kioo cha nyuma cha pikapu na adabu ya kabila. Hakuna mashine ya kuchomeka inayovuka hiyo adabu.

Sasa nikajua la kufanya. Na mlijue nanyi: ugonjwa wa vipindi usiutibu kabla hujauona. Ukiutibu bila kuuona, hutajua kama umepona au umelala. Gari likizidiwa na mzigo mlimani, injini inajipinda kwenye ile mipira inayokalia, inainama upande mmoja kama mtu anayebeba ndoo. Huhitaji mlima kuliona hilo. Dereva akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia ya kwanza, aachie klachi taratibu hadi injini iinuke kutaka kwenda na gari likatae. Wewe simama ubavuni. Usisimame mbele, mbele ni mahali pa marehemu.

Nikagawa kazi. Masanja kwenye usukani. Mimi ubavuni mwa injini. Nilimtaka mtu wa kutazama bomba la moshi, na kabla sijamaliza kutafuta, Mama Kabula alishafika huko, khanga puani.

"Mwambie asirudi nyuma," akasema, "mimi siyo gogo."

"Masanja, mama anasema usirudi nyuma."

"Nimesikia, mzee. Mwambie sirudi."

"Mama, anasema harudi."

"Nimesikia!"

Masanja akaachia klachi. Injini ikainuka, ikainama kuelekea kwangu, nikaona mpira wa upande wa kulia umekufa, inainama kupita kiasi. Gari likatetemeka. Hakuna kitu. "Tena," nikasema. Akaachia tena, zaidi. Injini ikalala ubavu, na hapo nikaisikia: koho. Koho-koho. Na huko nyuma Mama Kabula akapiga kelele ambayo Nyakanazi waliisikia:

"Mweusi! Mweusi huo! Mweusiii!"

Gari likazima. Sijawahi kufurahi hivyo gari likizima.

Nilichokuwa nimekiona ni kidogo sana. Bomba la mpira la hewa, linalotoka kwenye sensa kwenda kwenye injini, liliinuka pamoja na injini. Na waya za sensa ziliinuka nalo. Kwa nini waya zifuate bomba? Nikaingiza mkono chini, nikakuta zimefungwa pamoja kwa ukanda wa mpira wa tairi, ule wa ndani, umekazwa mara nyingi na fundo zuri.

"Nani amefunga hapa?"

"Mimi mzee," Masanja akasema. "Kile kibanio cha plastiki kilivunjika, waya zikawa zinaning'inia. Nikazifunga zisiungue."

Huku kwetu mpira wa tairi ndio fundi mkuu. Unafunga magunia kwenye baiskeli, unafunga mpini wa jembe, unafunga mlango wa zizi. Nani angeona kosa? Kila mlima wenye watu, injini ilikuwa inazivuta zile waya kama mtu anayevuta kamba ya ng'ombe, kisha inaziachia. Nami nilipokuwa nazitikisa kwa mkono, nilikuwa nazitikisa upande wa soketi, palipo pazima.

Nikakata ule mpira. Waya zote kwa nje zilikuwa nzima, rangi safi. Hapa kuna siri ndogo, shikeni: kamata waya mmoja mmoja kwa vidole viwili vya kila mkono, vuta polepole. Waya wenye shaba nzima ndani hauvutiki. Waya uliokatika ndani unavutika kama mpira wa manati, maana kilichobaki ni ganda tu. Wa kwanza haukuvutika. Wa pili haukuvutika. Wa tatu ukanyooka vidoleni mwangu.

Nilikuwa nimechoma chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, naunganisha shaba mpya, ndipo Kabula alipoguna ndani ya nyumba. Sote tulisikia. Mama yake akaingia. Akatoka haraka kuliko alivyoingia, na safari hii hakulitazama zizi, alinitazama mimi.

"Fundi, uchungu umeanza."

Mikono yangu, vijana. Mikono iliyofungua injini za malori barabarani na mvua inanyesha. Ikadondosha lehemu nje. Nikafuta, nikaanza upya. Nikaviringisha tepu, nikaacha waya ulegee, nikaufunga kwenye bodi ya gari badala ya kwenye injini. Ule mpira uliokufa wa injini sikuwa na mwingine. Nikapachika kipande cha tairi la lori kizuie kidogo. Tulifanya lile jaribio la breki mara moja tu. Halikukohoa. Lakini nawaambia ukweli, hilo halikunituliza. Gari la vipindi likikaa kimya hujui kama limepona au linakuvizia.

Nikasema wapungue watu, aende Kabula na mume wake na mimi wa kusikiliza injini. Mama Kabula alishapanda nyuma kwenye magodoro, na majirani wawili wanawake, na beseni, na kuni.

"Mama, kuni za nini?"

"Hospitali utanipikia wewe?"

"Uzito, mama! Ndio unaoliumiza!"

"Si umesema umelitibu?"

Tukaondoka naye na kuni zake. Nilimwomba jambo moja: akiona moshi unabadilika, apige paa la gari.

Kabula alikaa katikati yetu. Uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka, na ukija anaukamata mkono wangu, si wa mume wake, maana wa mume wake uko kwenye gia. Tukavuka mto. Ule mlima ukaanza. Masanja akaweka gia ya pili, kisha ya kwanza. Hakuna aliyepumua. Niliinamisha sikio karibu na dashibodi, nasikiliza kama mwizi. Pale ilipokuwa inazima siku zote, pana mti ulioangukia mtaroni, tukaupita. Masanja akaanza kusema kitu, nikamwambia nyamaza.

Mlima wa pili. Wa tatu. Tukaingia msituni, tope linateleza, na katikati ya msitu paa la gari likapigwa. Pu! Pu! Pu!

Masanja alikanyaga breki, tukateleza hadi ukingoni. Uso wake ulikuwa wa majivu. Nilitoa kichwa dirishani.

"Mweusi?"

"Mweusi nini? Mwambie apunguze mwendo! Anamrusharusha mwanangu kama viazi!"

"Na moshi?"

"Moshi hata sijauona. Haupo."

Kabula, na uchungu wake, alicheka. Halafu akaacha kucheka ghafla, akashika tumbo chini, mahali pa mshono, akasema kwa sauti ndogo, "Panachoma." Sikupata kuogopa hivyo maishani. Masanja hakupunguza mwendo.

Hospitali walimpokea kwa kitanda cha magurudumu pale pale mlangoni. Daktari alimgusa tumbo, akasema neno moja kwa nesi, wakaanza kukimbia. Wanawake wakakaa kwenye benchi. Masanja akasimama kwenye kona ya mbali ili asimkaribie mama mkwe wake, na mama mkwe akaupa ukuta uso. Mimi sikuweza kukaa popote. Mahali ambapo sina kazi ya kufanya mikono yangu inaniua. Nikarudi nje kwenye pikapu, nikafungua boneti, nikakishika kile kiungo cha waya. Kilikuwa baridi na kigumu. Nikakivuta kidogo, nikakiacha, nikakivuta tena. Nikajisemea, kama tungeondoka kesho. Nikajisemea, kama yule mwanamke asingezungumza na zizi. Nilikaa hapo jua linahama bega moja kwenda jingine, sithubutu kugeuka mlangoni.

Nikasikia hatua nyuma yangu, za mtu anayetembea asiyejua miguu yake iko wapi.

"Mzee," Masanja akasema.

Sikugeuka. "Kabula?"

"Anaomba maji. Wanamkatalia, wanasema bado."

"Na mtoto?"

Alinyoosha mkono juu ya bega langu, akakishusha kile chuma kinachoshikilia boneti.

"Funga, mzee," akasema. "Njoo umsikie anavyolia."